Marehemu Ameketi

Tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu, mchumba wangu,

Mimi babu yako nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wake wawili, baiskeli saba na daktari aliyenikataza tumbaku. Sasa nimemzika na baba yako, na hilo sitalizoea. Mengine mazima, hofu kwako.

Mwandiko uvumilie, mkono huu umezoea spana. Unasema baba yako aliniandika mimi mrithi wa pensheni kabla hujazaliwa, akasahau kubadilisha, nawe unaona haya kupinga jina la babu. Haya ya nini? Pinga! Pesa ile ni ya chuo chako. Mimi sina hata meno ya kuitafunia.

Babu

Tarehe 12 Machi

Shikamoo Babu,

Kifua kimetulia? Mimi mzima wa mwili tu. Ofisi ya pensheni wameniambia mrithi aliyeandikwa alishafariki. Babu, wamekuua! Baba mdogo ndiye aliyewapelekea habari, sasa anadai yeye. Jumatatu wanaamua, nami nina mtihani. Nimelia hadi sauti imekauka. Usije lakini, magoti yako hayaiwezi safari.

Mjukuu wako

Tarehe 20 Machi

Mchumba,

Mtihani umekwendaje? Magoti yangu hayakusalimu, yamenuna ulivyoyasema.

Jumatatu niliingia ofisini. Karani akasema, "Mzee, kwenye kompyuta wewe ni marehemu." Nikamjibu, "Basi fanya haraka, nirudi kabla kaburi halijafungwa." Kitambulisho changu kina kijana mwenye nywele, akautazama upara wangu, akaguna. Baba mdogo wako alikuwa kwenye kiti pekee, kajifunga tai. "Huyu mzee simjui," akasema. "Katumwa."

Sikubishana. Nikamsogelea, nikakohoa kile kikohozi changu cha kuingia nyumbani. Lo! Aliruka kama kakalia kaa la moto, mikono nyuma: "Shikamoo baba, karibu kiti!"

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Nikakaa. Karani akavua miwani: "Kumbe marehemu ana mtoto mwenye adabu."

Nimeweka dole gumba, pesa yote ije kwako. Baba mdogo sikumlaani, ndiye mwanangu aliyebaki. Kanibebea mkoba hadi stendi, tai imelegea.

Ukidhani natia chumvi, muulize karani wa dirisha la tatu, au mama wa chai pale mlangoni aliyeninywesha bure. Muulize na baba mdogo wako. Akikana, kohoa.

Babu yako, mzima