Oui Yangu ya Kamembe

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, inayokufanya usijue kama ufungue duka au urudi kitandani. Nimefungua. Wateja wa Bukavu, upande wa Kongo, hawatavuka daraja la mpakani na mvua hii, kwa hiyo nimekaa na simu yangu na nyinyi mnaonisoma.

Nimechoka. Si uchovu wa mgongo, huo nimeuzoea kwa miaka yote niliyoinamia cherehani. Ni uchovu wa kueleza jambo lilelile kwa watu tofauti, na kila mmoja anakuangalia kana kwamba tatizo ni wewe.

Wanaonifuata hapa wanajua kwamba nina kadi ya mkopo. Niliandika siku niliyoipata, nikajisifu kama mtu aliyenunua gari. Naitumia kuagizia dantela, yaani lesi, na shanga kutoka nje, maana bibi harusi wa siku hizi, awe wa Kamembe au wa ng'ambo, anakuja na picha kwenye simu na hataki kusikia kwamba kitu hicho sokoni hakipo.

Basi mwezi uliopita ujumbe wa benki ukanijulisha kwamba nimelala hotelini Istanbul. Hoteli ya maana, tena si usiku mmoja. Halafu, ndani ya saa ileile, nimenunua viatu katika duka la wanaume, nchi nyingine kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa hapahapa nilipo sasa, napinda pindo la gauni la mwalimu mmoja wa Nyakarenzo, na mguu umekufa ganzi.

Istanbul! Mimi ambaye hata Kigali sifiki bila kutapika kwenye zile kona za msituni.

Nilicheka kwanza. Kicheko kilipokwisha nikakimbia benki, wakaifunga kadi palepale. Jioni nikamwonyesha mume wangu, Papa Salma, nikidhani tutacheka wote wawili. Yeye ni fundi wa karo, vigae vya sakafuni, na vidole vyake vilikuwa bado vina saruji. Akaishika simu kwa ncha za vidole, akasoma polepole.

“Istanbul,” akasema. “Si ndiko Papa Blaise anaendaka kununua bitambaa?”

Papa Blaise ni mfanyabiashara wa Bukavu anayeniletea vitambaa vyangu. Ni Mkristo mwenye heshima zake, ana mke, na ana sauti ya kuuzia sokoni hata akiwa anakusalimia. Kweli huenda Istanbul. Kweli alikuwa ametoka huko wiki ileile. Lakini kadi yangu hajawahi kuigusa wala kuiona, na sioni mtu mmoja anavyoweza kulala nchi hii na kununua viatu nchi ile kwa wakati mmoja. Nilisema hayo yote. Papa Salma akasema sawa, akanirudishia simu.

Tangu siku hiyo akawa ananiita Madame.

Hakunigombeza. Hakupandisha sauti hata mara moja. Ilikuwa tu “Madame, chai iko?” na “Madame, niko natoka.” Asiyekaa kwetu huenda asione ubaya wake. Madame ni mwalimu mkuu. Madame ni mteja asiyejulikana jina, anayetaka kupunguziwa bei. Mimi ni Maman Salma tangu siku Salma alipozaliwa. Mtu akikuita Madame ndani ya nyumba ambayo umeipaka rangi kwa mikono yako, jua amekutoa jikoni na chumbani, amekukalisha kwenye kiti cha wageni.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba deni halikuwa shida yangu kubwa. Deni nitalilipa, hata kwa kushona sare za shule mpaka macho yaume. Nilichotaka ni benki itamke kwamba si mimi, na mume wangu asikie.

Tawi letu hapa Kamembe halina mamlaka ya kutamka hivyo. Walinipa namba ya kitengo cha kadi, na kitengo hicho hakiko Rwanda. Kiko mbali, sijui wapi, na huko wanaongea Kifaransa. Nikapiga. Kuna muziki wa kusubirishia watu ambao sasa naujua kuliko nyimbo za harusi. Kisha jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama mzazi. Simu ikikatika, unaanza upya: jina, tarehe, mama. Nimethibitisha kwamba mimi ni mimi mara nyingi mno mwezi huu, mpaka shaka imeanza kuniingia mwenyewe.

Mwishowe nikampata kijana mmoja mwenye sauti safi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza maswali yake, nikajibu, akanishukuru, nikamshukuru. Kifaransa changu ni cha shule ya msingi kilichomaliziwa sokoni, lakini siku hiyo nilijiona nimeongea kama waziri. Nilimwambia Papa Salma: subiri tu, jibu linakuja.

Na jibu likaja. Lilikuja tukiwa mezani, na mimi kwa kiherehere changu nikampa yeye simu asome kwanza, kabla sijasoma mwenyewe.

Alisoma. Akaiweka simu kando ya sahani yangu, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

“Madame, banasema umekubali.”

Nikasoma. Malalamiko yamefungwa. Mteja amekiri kwamba malipo ni yake.

Nimekiri!

Nilirudia kichwani kila neno nililomwambia yule kijana, nikitafuta mahali nilipoteleza, nisipaone. Kufumba na kufumbua nimekuwa mwongo mwenye ushahidi dhidi yake, na ushahidi wenyewe nimeutoa mimi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, Maman Amina anayeuza mitumba, akaongeza chumvi kwenye kidonda bila kujua. Alipita dukani kutoa pole, akasema mambo ya kadi siku hizi ni kikulacho ki nguoni mwako. Alimaanisha kwamba mwizi huenda ni mtu wa karibu, hakuwa na nia mbaya. Lakini alisema mbele ya Papa Salma, na Papa Salma akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuijua. Nikasema nguo zote za nyumba ile nazishona mimi, mdudu huyo ningekuwa nimemwona. Hakuna aliyecheka.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Adabu tupu ndani ya nyumba. Chumvi ikizidi, anasema asante. Chai ikipoa, anasema asante. Papa Blaise alileta kitambaa cha harusi, na kwa mara ya kwanza sikumkaribisha kiti. Nilimpokelea mlangoni kama mtu wa kukusanya ushuru. Maskini, aliondoka akijiuliza amenikosea nini. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwamba nimeanza kutembea kama mtu mwenye kosa. Mchana navaa uso wa kazi, natabasamu, napima viuno vya watu. Hapa naweza kusema: iliniuma sana.

Jana ndiyo tukaenda benki. Meneja wa tawi alikuwa ameomba kitengo cha kadi kimtumie sauti ya mazungumzo yangu, na imefika. Papa Salma akasema atanisindikiza. Sikujua kama anakuja kunisimamia au kunisikiliza nikihukumiwa, sikuuliza.

Meneja ni kijana mpole, mgeni hapa, katokea mashariki ya nchi. Akafunga mlango, akaweka simu katikati ya meza, akaongeza sauti. Ikaanza: jina, tarehe, mama. Kisha maelezo yangu marefu. Nilijisikia nikihangaika na vitenzi, nikaona aibu, nikaangalia dirishani. Kisha kijana wa sauti safi akauliza, kwa Kifaransa chake kilichonyooka: “Kwa hiyo, Madame, si wewe uliyefanya malipo haya?”

Na sauti yangu, imejaa furaha ya kueleweka: “Oui! Oui, monsieur!” Ndiyo, ndiyo, bwana!

“Rudisha hapo,” nikasema.

Meneja akarudisha. Si wewe uliyefanya malipo haya? Oui, monsieur!

Wewe unayesoma, kama umelelewa na lugha zetu, huenda hadi sasa hujaona kosa. Mtu akikuuliza “hujala?” na kweli hujala, unamjibu ndiyo. Yaani ulivyosema ndivyo, sijala. Kinyarwanda ni vilevile, yego. Lakini kijana yule masikioni mwake oui ni kukubali tendo: ni mimi huyo, nimelala Istanbul, nimenunua na viatu. Nilitakiwa kusema non, hapana. Nilikichukua Kifaransa cha watu nikakivalisha kitenge.

Meneja alijaribu kubaki meneja. Akauma mdomo, akashindwa. “Hata mama yangu angejibu hivyohivyo,” akasema, akavuta kompyuta yake na kuanza kuandika.

Papa Salma ndiye aliyeangua kicheko. Kicheko cha tumbo, mwezi mzima sijakisikia. Akapiga goti lake kwa kofi.

“Aah, Maman Salma! Weye na oui yako!”

Maman Salma. Hivyo tu, limerudi.

Malalamiko yangu yamefunguliwa upya. Meneja anasema namba za kadi huibwa kwenye tovuti za maduka, na wezi huuziana, ndiyo maana hoteli huku na viatu kule. Anasema wengi hurudishiwa pesa zao, ila yeye hawezi kuniahidi. Nirudi Jumatatu kutia saini. Sawa, nitarudi, nitathibitisha tena mimi ni nani.

Kutoka benki mpaka kituo cha mabasi, Papa Salma aliisimulia hadithi ile kwa kila aliyemjua. Kwa muuza vocha, kwa wenye moto, wale wa pikipiki za abiria, waliojikinga mvua, kwa Maman Amina ambaye alicheka mpaka akaketi juu ya mitumba yake. Alinishikia mwavuli, upande mkubwa ukiwa kwangu. Akaninunulia sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwa letu, moto, zimefungwa kwenye karatasi. Nilikula. Zilikuwa tamu. Na katikati ya utamu ule nikaona hasira inanipanda, wala sikujua imetoka wapi.

Sasa nimejua.

Mwezi mzima nilimwambia mume wangu kwa mdomo wangu, kwa lugha yetu, ana kwa ana, kwamba si mimi. Hakusikia. Ikabidi anisikie kwenye simu ya benki, kwa lugha ya watu, tena nikiwa nimekosea, ndipo akaamini.

Jana hiyohiyo, baada ya magharibi, Salma akiwa bado kwa bibi yake, nikamwuliza. Sikuwa nimepanga. Alikuwa uani ananawa mikono, anasugua saruji kwenye kucha, anaimba kidogo.

“Papa Salma. Ulikuwa hauniamini?”

Akaacha kuimba. Angeweza kuniambia mengi, na ningeyapokea: kwamba benki ilimchanganya, kwamba Papa Blaise ana sauti kubwa, kwamba wanaume ndivyo walivyo. Alichukua taulo, akakausha mkono mmoja, kisha wa pili.

“Ndiyo,” akasema.

Na mimi, niliyeshinda nikicheka Kifaransa cha watu, nilitamani kwa muda mfupi niwe yule kijana wa kitengo cha kadi. Yeye angesikia ndiyo, akaandika: mume amekiri kwamba alimwamini. Angefunga malalamiko, angenishukuru, angekata simu. Lakini mimi ni mtoto wa hapa. Nilimwelewa vizuri kabisa.

Nilikwenda kupakua chakula. Sijui hata leo kama nimshukuru kwa kuniambia kweli, au nimlaumu kwa kunikosesha hata uongo mdogo wa kulalia. Labda kuishi na mtu ni kukubali kwamba kuna mwezi mmoja hakukujua. Labda sivyo. Nimechoka mno kulipima leo.

Asubuhi ameniletea kanzu yake, ile nyeupe anayoipenda kuvaa Ijumaa. Mshono wa kwapani umeachia. “Maman Salma, unisaidiye,” akasema, kwa sauti ile ya zamani, kana kwamba hakukuwa na chochote. Kanzu iko mezani mbele yangu. Uzi mweupe ninao, na kazi yenyewe haifiki hata robo saa.

Nitaishona, najijua. Lakini si leo. Kesho na aende msikitini na ile ya kahawia.