Kifaranga Katika Makucha ya Tai

Nyansiongo,
12 Januari 2024

Kaka yangu Abner,

Bwakire? Natumaini wewe, wifi Marion na watoto mko wazima. Sisi hatujambo, ila jua la mwezi huu limekausha malisho na ng'ombe wamepunguza maziwa. Mama anasumbuliwa na magoti. Anauliza kama umesahau njia ya nyumbani.

Barua hii inakuja na memori kadi, maana hii simu yangu ya kubonyeza haitumi picha.

Nimempata! Yule tai mweusi mwenye kishungi, anayekaa kwenye ule mti wa mgrevilea wa mpakani. Nimemvizia siku nne nyuma ya ghala. Hashuki ila saa sita, jua likiwa utosini, saa ambayo wewe ulinifunza niiweke kamera kabatini. Jana akashuka kwenye mabua ya mahindi, akanyanyuka na panya. Nilibonyeza mara tisa. Moja imetulia kabisa: mabawa wazi, panya mguuni, jicho la manjano linanitazama mimi.

Unajua kwa nini naitaka. Jirani yetu Mama Nyangate amepoteza vifaranga sita na anasema mwizi ni tai. Wengine wanataka auawe. Nimewaambia huyu anakula panya, hata mimi ghala langu limepona tangu aje, lakini hawaniamini. Mzee Obadiah wa kanisani amenipa nafasi Sabato ya tarehe 17 Februari, nizungumze baada ya chakula cha mchana. Nichapishie ile ya panya, kubwa, hata aliyekaa nyuma aone.

Ni mimi dada yako,
Roselyne

Kisii mjini,
22 Januari 2024

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka studio. Tuko wazima, isipokuwa Marion ana mafua. Mwambie mama njia naijua, ni kazi tu inanifunga.

Nilipofungua kadi yako nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuja kwa picha za pasipoti akasimama. Lakini lile jua, dada! Ndege mweusi saa sita ni mtihani. Ukiipima kamera kwa weusi wake, yale mabaka meupe ya bawa yanaungua, hata unyoya huoni. Ukifuata weupe, mwili unageuka shimo. Wewe ulifuata weupe, na ulifanya vyema, kwa maana giza mtu huweza kulivuta kwenye kompyuta likapata mwanga, weupe ulioungua haurudi. Nimelivuta polepole: kifua, kishungi, kingo za mabawa. Amekuja kama yuko hai hapa mezani.

Shida ni panya. Yuko chini ya tumbo, kwenye giza tupu. Nikimvuta anatoka chengachenga kama kitambaa cha kudekia. Usijali, nimepata namna. Nitaiweka kwenye ukurasa wa studio na jina lako chini yake, watu wajue ukoo wetu una macho. Ya kuchapisha utaipata kabla ya Sabato yako.

Kaka yako akupendaye,
Abner

Nyansiongo,
9 Februari 2024

Kaka Abner,

Natumaini mafua ya wifi yamepoa. Mama ameamka vizuri. Mimi mwili ni mzima.

Jumanne Mama Nyangate alikuja na simu ya binti yake Purity. Hakuketi.

"Roselyne, hii ni nini?"

Nikatazama. Ni tai wangu, kishungi chake, jicho lake. Na mguuni amebeba kifaranga cheupe. Chini imeandikwa: Picha na Roselyne, Nyansiongo.

"Kumbe ulijua," akasema. "Ulimpiga picha na kifaranga changu, halafu ukaja jikoni kwangu, ukanywa chai yangu, ukaniambia anakula panya."

Nikamwambia kamera yangu haikuona kifaranga. Akaniuliza, "Hili jina ni la nani?"

Jana asubuhi nilimkuta tai chini ya uzio, mabawa ameyatandaza kama anaota jua. Nilidhani yuko hai. Kando yake kulikuwa na kipande cha nyama chenye sumu. Mbwa wa Mzee Obadiah alikipata kingine, naye amekufa.

Abner, hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia niletee huyo panya wa kitambaa, nitawaeleza mwenyewe. Uliposema umepata namna nilidhani ni ufundi, nikajivunia wewe hapa nyumbani, nikamsomea mama barua kwa sauti.

Nakuomba mambo mawili. Nirudishie kadi ile, yenye picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Na uje tarehe 17, usimame mbele ya watu useme kwa kinywa chako ulichofanya.

Dada yako,
Roselyne

Kisii mjini,
13 Februari 2024

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Poleni sana huko, na mama umpe pole.

Kifaranga nilikitoa kwenye picha niliyopiga sokoni Nyakoe mwaka jana. Nilikiona cheupe, kinaonekana vizuri kwenye giza lile, nikakibandika. Haki ya Mungu sikumfikiria Mama Nyangate. Nilifikiria picha. Watu elfu arobaini wameiona, na harusi mbili zimekuja kwangu kwa ajili yake. Nikiiondoa leo, au nikisema nilibandika, nani ataniamini tena? Nielewe hata kidogo.

Kuhusu kadi, nisamehe. Nilikuwa na shughuli Nyanchwa, kadi zangu zikajaa, nikaifuta yako niitumie. Kwenye kompyuta nimebaki na ile iliyokamilika tu.

Lakini tarehe 17 nitakuja. Naapa kwa kaburi la baba. Nitasema yote.

Kaka yako,
Abner

Nyansiongo,
19 Februari 2024

Abner,

Mama ni mzima. Sabato alikuwekea nafasi kando yake kwenye benchi, akaifunika kwa leso yake mtu asikae.

Mzee Obadiah aliponiita nilitazama langoni mara mbili. Sikuwa na picha wala kadi, na kaka sikuwa naye. Nilikuwa na ungo. Tai akishakula hutapika manyoya na mifupa iliyomshinda, kitonge kikavu kama kidole gumba. Nilikuwa nimeviokota kumi na tisa chini ya mgrevilea. Nikamwomba Mama Nyangate avivunje mwenyewe.

Cha kwanza: manyoya ya kijivu na meno ya panya. Cha pili, taya zima. Alivunja vyote kumi na tisa, polepole, watoto wamemzunguka. Hakuna unyoya wa kuku hata mmoja. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Basi tumemuua bure," akasema. Kisha, "Na ile picha?"

"Ni kaka yangu aliyebandika kifaranga."

"Mbona hakuja kusema?"

Abner, nilifungua mdomo niseme unaumwa. Uongo ulikuwa tayari umefika ulimini, kama nilivyokuwa nikimwambia baba wewe uko mtoni wakati ulikuwa sokoni. Nikaumeza. Nikasema, "Sijui. Aliapa kwa kaburi la baba kwamba atakuja." Watu wakainamisha macho. Mama akainuka, akatoka nje na magoti yake yale, akaiacha leso pale kwenye benchi.

Leo Purity amenionyesha kwenye ukurasa wako harusi uliyopiga Sabato hiyohiyo. Bibi harusi ni mzuri. Chini kidogo, tai wangu bado yupo, na watu bado wanamtukana.

Iondoe. Kama elfu arobaini ni wengi mno kwako kuwaacha, ondoa jina langu.

Roselyne