Mama Yupo Jikoni

Nusra shoga, uko? Nimetoka darasani mbio, niko nyuma ya vyoo naandika huku nalia.

Leo Mwalimu Kerubo ametufundisha kusema kwa Kiingereza vitu vilivyopo nyumbani. Eti tukishaajiriwa hotelini, wageni hawaishi kuuliza kuna hiki, kuna kile. There is kikiwa kimoja, there are vikiwa vingi. Rahisi. Kila mtu atoe sentensi yake.

Mwanatumu akasema kwake kuna ndoo mbili barazani. Zamu yangu ikafika, mdomo ukaenda wenyewe.

"There is my mother in the kitchen."

Mama yupo jikoni, Nusra. Mama huyuhuyu tuliyemsomea hitma ya arobaini Jumamosi, na wewe ndiye uliyepakua pilau.

Darasa zima likanigeukia. Mwalimu ni mgeni huku, hii ni wiki yake ya pili, hajui. Akatabasamu. "Vizuri sana. Haya, wote pamoja."

Na unatujua sisi tuliolelewa chuo cha Kurani. Mwalimu akisema itikieni, tunaitikia. Wanawake ishirini wakaitikia kwamba mama yangu yupo jikoni. Mwanatumu, aliyemwosha mama kwa mikono yake, akaitikia machozi yakimtoka.

Mara tatu, shoga. Nami nikaitikia nao. Wallahi ile mara ya tatu nilimsikia akikuna nazi.

Kisha mwalimu akafuta ubao. "Sasa igeuzeni. Semeni hayupo."

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.