Chuma Ulichokipiga Tupa

Mpendwa Baba Zawadi,

Nimekukasirikia. Watu wa ibada wananiambia marehemu hagombezwi, aombewe tu. Nimekuombea. Sasa nakugombeza.

Ulinileta Stockholm ukija kusomea ufundi wa mitambo, Zawadi akiwa bado mgongoni. Nikapata kazi ya kutunza wazee, na Gunilla wa zamu yangu akanipeleka kwenye klabu ya bastola, chini ya jengo moja hapa Rågsved. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mke wangu na bastola!" Lakini uliponiona nikipiga duara jeusi katikati, tangu siku ile ukawa unanibebea mkoba. Ulikaa na wale wazee wa Kiswidi mkinywa kahawa, ukijisifu kwa niaba yangu. Nilikupenda sana siku hizo.

Kisha macho yangu yakaanza utu uzima. Nikinyoosha mkono, karatasi ya shabaha naiona vizuri, ila kile chuma kidogo kilichosimama mbele ya mtutu kinakuwa kama moshi. Na hicho ndicho mlengaji anachotakiwa kukiona kuliko kitu chochote. Nilikueleza jikoni: nataka chuma kinene zaidi, na miwani inayoona umbali wa mkono wangu.

"Kinene kitakuzibia," ukasema. "Dawa yake chembamba, mwanga upite pembeni."

"Chembamba kinanipotea, Baba Zawadi."

Ukatikisa kichwa, ukaacha kubisha. Nilidhani yamekwisha.

Asubuhi ya mashindano kule Jakobsberg, risasi zangu za kwanza zote zilikwenda juu. Nikashusha kile chuma cha nyuma cha kulengea, ili zishuke, mpaka kikagota. Bado zikapanda, tena zikatawanyika kushoto na kulia. Nikafikiri mkono wangu umeharibika. Nilipoweka bastola mezani ndipo nikaona: chuma cha mbele kimepigwa tupa, kimekuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti, kimefupishwa, kimepakwa masizi kisionekane kipya. Nikageuka. Ulikuwa umekaa kwenye benchi unatabasamu.

"Sasa unaona vizuri, eh?"

Nafasi yangu kwenye timu ya klabu ilikwenda siku hiyo. Ndani ya treni nilikuuliza kwa nini hukuniuliza.

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Macho ni ya nani?"

"Ni yako. Lakini yameharibika. Ungechaguaje?"

Ulisema hivyo kwa upole, mkono wako juu ya goti langu, na upole huo ndio unaonichoma mpaka leo. Kama ungekuwa mtu mbaya ningekwisha kukusahau. Wewe ulinionea huruma, ukaniamulia, ukaenda kulala vizuri.

Nikakununia. Tukaishi hivyo, chakula nakuwekea mezani, maneno sikupi. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako. Halafu moyo wako ukasimama kazini, kabla ya theluji kuyeyuka. Unaondokaje katikati ya ugomvi? Kwenye mazishi kila aliyesimama alisema ulivyokuwa mtu wa kusaidia watu. Nikang'ata meno. Zawadi aliniuliza kwa Kiswidi kama naumwa.

Nilinunua chuma kinene. Kwa daktari wa macho nilinyoosha mkono nimeshika kalamu, naye akapima kutoka jicho langu mpaka kwenye ncha, akanitengenezea kioo cha miwani cha umbali huo. Nikikivaa, shabaha inakuwa doa la kijivu, lakini chuma kinasimama cheusi, kingo zake zimenyooka. Doa linatosha. Nilikuwa najua litatosha. Nilikuambia.

Jumapili nimerudishwa kwenye timu. Risasi zilijikusanya pamoja, nyingine zikaingia tundu moja. Gunilla akanikumbatia, akaona machozi, akadhani ni furaha.

"Ni hasira," nikamwambia.

"Unamkasirikia nani?"

"Mume wangu. Kuna neno alipaswa kuniambia leo."

Basi nikageukia ile karatasi yenye matundu, nikalisema mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti, Waswidi wote wakanitazama: "Mama Zawadi, ulichagua sawa."

Pumzika, mume wangu. Kukusamehe bado. Nikiwa tayari nitakuja makaburini kukuambia, na siku hiyo utanisikiliza mpaka nimalize.

Mkeo,
Mama Zawadi