Athumani Tuliyemwombea Ikonge

Magokoro wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoiita ya askari na wauza chumvi, na najua ungenung'unika. Nivumilie bibi yangu. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiswahili, na haya ninayotaka kukueleza yalianzia humo. Isitoshe, hata ningeandika kwa Ekegusii, bado ungeniita nije nikusomee mwenyewe.

Wazungu walipoondoka Nyansiongo na mashamba yao yakagawiwa watu, baba na mama walipata kipande huko, mimi nikaachwa kwako Ikonge. Walisema ni kwa sababu ya shule. Nadhani waliona pia kwamba boma lako lilikuwa limepoa. Nyakundi, kitinda mimba wako, alikuwa ameondoka. Alicheza mpira siku ya Sabato kule Nyakoe, tena akafunga bao, na sifa za bao hilo zikafika kanisani kwetu, ambako babu ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa. Baba na mwana wakarushiana maneno, Nyakundi akashika njia ya Kericho, kwenye mashamba ya chai. Babu akatuita sote na kusema, "Jina lake nisilisikie tena katika boma hili." Mume alikuwa amesema, nawe ukainama ukaendelea kumenya ndizi.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na sanduku la vitabu chini ya meza yake. Aliyemaliza hesabu mapema alichagua kimoja akaenda nacho nyumbani. Cha kwanza nilicholeta kilihimiza watu wafunike maji ya kunywa, ukakisifu kwa kuwa kilikubaliana nawe. Cha pili kilimhusu mfuga nyuki, ukasema aliyekiandika hajawahi kuumwa na nyuki hata mmoja. Wewe ulikuwa ukichuma maua ya pareto, kikapu kimening'inia kiunoni, mimi nimekaa kwenye tuta nikisoma Kiswahili na kukutafsiria. Usiyoyajua niliyaeleza kwa unayoyajua. Mnazi nilikuambia ni mgomba mrefu sana, ukataka kujua ni ndizi gani hizo zenye maji ndani.

Halafu nikamleta Athumani. Kilikuwa kitabu chembamba, jalada limefifia, cha kijana aliyekosana na baba yake akaenda kufanya kazi ya reli, na mama yake akabaki akimngoja. Nilipofika pale mama anapofagia njia kila asubuhi ili mwanawe akirudi asikanyage majani, ukaacha kuchuma.

"Anakula nini huko aliko?" ukauliza.

"Kitabu hakisemi, Magokoro."

"Kitabu gani hicho kisichojua mtu anakula nini?"

Tulikisoma mpaka mwisho, au tuseme mpaka pale kilipokatika, kwa maana kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilitaka kulia, nikidhani umenisikiliza bure. Ukanifuta uso kwa pindo la leso yako. "Kama hazipo," ukasema, "basi bado yuko njiani." Ukaniagiza nianze upya kesho yake.

Sabato iliyofuata, kanisani wakauliza nani ana haja ya maombi. Ukasimama. Ukasema kuna mama mmoja wa mbali, mwanawe amepotelea kazini, jina lake Athumani, na ungependa kanisa limwombee. Watu wakageuza shingo. Mama mmoja wa kwaya akauliza huyo Athumani ni wa ukoo gani. Ukajibu bila kupepesa macho, "Kemunto anamfahamu." Kanisa zima likanitazama mimi, na mimi nikaitazama sakafu.

Tukamwombea. Na Sabato nyingine tukamwombea tena, maana ulisimama tena. Ikawa ni desturi. Wenzangu shuleni wakaniita mke wa Athumani, na wanawake wakacheka kisirisiri nyuma ya vitabu vya nyimbo kila ulipoinuka. Siku moja tukiwa njiani kurudi nyumbani nilishindwa kuvumilia. Nikakuambia Athumani ni wa kitabuni tu, mtu aliyebuniwa.

"Nani amesema hayupo?" ukaniuliza. "Si mama yake analia?"

Nikakuhurumia, kwa ile huruma ya mwanafunzi wa darasa la tano ambaye sasa anajua mambo. Nikaamua kwamba bibi yangu hajui. Nyumbani kwetu kitabu kilikuwa kile cha kanisa, nacho ni cha kweli, basi kwako chochote kilichopigwa chapa kilikuwa kweli. Ndivyo nilivyojieleza, na nikaendelea kukusomea.

Jioni tulizosoma jikoni, babu naye alipata shughuli mlangoni. Mara anatafuta panga, mara ananoa panga hilohilo ambalo lilikuwa kali tayari. Hakuingia wala hakuuliza kitu, isipokuwa mara moja tu, nilipofunga kitabu, alipouliza akiwa bado ametupa kisogo: "Huyo kijana hajaandika hata barua?" Nikamwambia bado. Akaenda zake kulala bila kula.

Babu alipofariki nilikuwa namaliza shule ya msingi. Tulimzika, matanga yakaisha, tukarudi kanisani. Walipouliza haja za maombi ukasimama, umefunga kitambaa cheusi, na mimi nikajiandaa kutazama sakafu kama kawaida. Ukasema, "Mniombee mwanangu Nyakundi, aliyeko Kericho au ng'ambo yake." Sauti haikutetemeka. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Yule mama wa kwaya alianza kulia kabla yako.

Jioni yake nikachukua kitabu cha Athumani, ukanizuia kwa mkono. "Hicho tumemaliza," ukasema. "Kesho uniletee kingine."

Nilikaa kando ya moto jikoni, nikaelewa, na uso ukaniwaka. Kumbe ulijua tangu siku ya kwanza. Babu alikuwa amekataza jina moja, nawe ukaenda kuazima jingine kutoka kwenye sanduku la mwalimu. Ukalibeba mbele ya kanisa, ukachekwa, ukakubali kuonekana mjinga, ili mwanao asikose kuombewa. Hukumvunjia mumeo heshima, wala hukumtupa mwanao. Nami niliyekuwa nasoma maneno yote nilikuwa sijasoma kitu.

Vitabu vingi nimevisoma tangu siku hiyo. Nimesoma chuo cha ualimu, na sasa ninafundisha hapa Nyansiongo, nami nina sanduku langu chini ya meza. Watu huniuliza nani aliyenifanya nipende vitabu, wakitarajia nimtaje mwalimu. Huwataja nyote wawili. Lakini wewe ndiye uliyenionyesha kazi yake kitabu. Mtu huweza kuwa na jina ambalo haruhusiwi kulitaja, akalikuta limeandikwa kwa namna nyingine, akapumua. Nikimwona mtoto ameng'ang'ania kitabu kimoja muhula mzima, simlazimishi akibadilishe. Na jinsi ninavyokukumbuka, Magokoro, wakati mwingine inabidi nitoke darasani kidogo.

Sasa sikia habari iliyonifanya nishike kalamu. Nyakundi amekuja. Alifika Ikonge Jumatano na mfuko mmoja, akiuliza mama yuko wapi, maana hakuwa na habari kwamba tumeshakuzika. Nilipoitwa nilimkuta ameketi kando ya kaburi lako, kwenye migomba. Alikuwa na swali moja tu: miaka yote ile babu akiwa hai, je, kuna mtu aliyewahi kulitaja jina lake?

Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu kabla hajauliza. Ndipo nikaketi naye pale chini nikamsimulia Athumani, tangu tuta la pareto mpaka kanisani, bila kuacha kitu. Alicheka nilipofika kwenye swali la ukoo wa Athumani, kisha kicheko kikamgeuka kilio, nami nikamwacha alie ashibe.

Jana, Sabato, alivaa koti la babu tukaenda naye kanisani. Walipouliza nani ana haja ya maombi, akasimama pale pale ulipokuwa ukisimama wewe. Wazee walimtazama bila kumtambua.

"Mimi ndiye Athumani mliyekuwa mkimwombea," akasema. "Nimefika."

Nilitaka uisikie kwangu kwanza, kabla wengine hawajakuletea. Lala sasa, mama yetu.

Mjukuu wako uliyemlea,
Kemunto