Jokofu Lenye Magurudumu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimebadilisha oili ya gari. Ya zamani imetoka nyeusi lakini safi, haina chembe ya chuma. Injini ina afya kuliko mimi. Silinda sita kwenye mstari mmoja, turbo mbili, gia ya mkono. Wajapani waliounda kitu hiki miaka ya tisini hawakuwa wanatafuta faida tu. Walitaka kujua uwezo wao unaishia wapi. Kila nikiiwasha nasimama kidogo, kama mtu aliyeingia msikitini.

Viwanda vya leo vinauza skrini. Gari zito kama kiboko, skrini ya sebuleni mbele ya dereva, sauti ya injini ya kuigiza kwenye spika. Spika! Wezi.

Makala ya gazeti inakwenda vizuri. "Gari la umeme ni jokofu lenye magurudumu." Sijawahi kuliendesha. Nimesoma vya kutosha.

Jumatano, 6 Agosti

Binamu yangu Zuhura amefika Lindi kutoka Dar kwa hitima ya mwaka ya baba. Mtoto wa shangazi, kwa hiyo mtani, kwa hiyo adhabu. Kaja na gari la umeme la Kichina. Jeupe. Halina sura. Alilala Kilwa ili lichajiwe. Nimecheka sana. Safari ya gari kupumzishwa kama punda.

Kanilipa papo hapo. Kachomoa jokofu langu ukutani, kachomeka gari lake.

"Ndugu hawa, mume wangu," alisema, kama watani wanavyoitana. "Wapokezane."

Kumbe kaisoma makala yangu pale mezani. Samaki wameyeyuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu. Nimeandika tangu asubuhi. Hasira nzuri, sentensi zinatoka zenyewe. Gari lisilo na moto ndani si gari. Mwendo bila sauti ni kuanguka tu. Hii ya mwisho naipenda.

Mama amepiga simu kutoka Kilangala. Baada ya hitima anataka kwenda Rondo kumwona mdogo wake. Nitampeleka. Abiria mzuri, mama. Anakaa nyuma, anajifunika khanga, hasemi neno mpaka tufike. Hapendi maongezi safarini. Namshukuru, nasikiliza injini.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeibiwa gari. Mbele ya watu, mbele ya sheikh, na hakuna wa kumshitakia.

Kosa langu. Hitima Kilangala, uani kumejaa. Nilikwenda kutawadha nikaacha ufunguo juu ya viatu. Kuacha kitu chini huku mtani yupo shughulini! Akikiokota, unakikomboa. Niliporudi ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga ya Zuhura, na wanawake wote wa jikoni wanacheka.

"Nipe, Zuhura."

"Nani kakuita? Mjomba wangu hakuacha mtoto mwenye haraka."

"Hilo gari halichezewi!"

Nilipaza sauti. Ukimkasirikia mtani umekwisha. Wazee wamenizomea, wamempa haki yake atamke fidia. Nilidhani atataka kuku. Akataka hivi: kesho mama nimpeleke Rondo kwa jokofu, halafu niandike gazetini nilichokiona. Kweli tupu. Nikidanganya, ufunguo unakwenda Dar.

Mama ndiye aliyecheka kuliko wote.

Makala imebaki aya moja. Miaka yote nimesema jambo moja. Gari langu au kalamu yangu. Shetani huyu anajua pa kubana.

Jumapili, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Barabara nyeupe, hakuna mtu, hakuna trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Zuhura kando yangu anatafuna korosho.

"Kanyaga, mtani. Usilibembeleze, si mkeo."

Nikakanyaga. Bismillahi niliisema nikiwa nimeshachelewa. Hakuna kusubiri turbo ijae. Hakuna gia. Hapo ulipo na kule unakokwenda vimekuwa kitu kimoja. Kichwa kimegonga kiti. Nimeendesha magari maisha yangu yote na sijawahi kusukumwa hivyo na kitu chochote. Nilipunguza mwendo. Zuhura kamwaga korosho zote na anacheka.

Waliounda kitu hiki nao walitaka kujua uwezo wao unaishia wapi. Naandika haya kwa shida.

Halafu mlima. Linapanda kama linashuka, na kimya. Madirisha wazi, nimesikia ndege wa msitu wa Rondo. Na nyuma yangu mtu anaongea.

Mama. Anaongea Kimwera, taratibu, kama anayeendelea na maneno aliyoyaanza zamani. Kwamba baba alimshusha mlima huu kwa baiskeli siku alipomwoa. Kwamba alikuwa anaachia pedali, miguu hewani, mama akimpigia kelele. Si za kumzuia. Za kumwambia aongeze. Kwenye kona breki ikakatika.

Tukafika. Mama mdogo akatoka na vigelegele, hadithi ikaishia hapo.

Nimemuuliza mama uani, kwa nini hajawahi kuongea njiani. Kashangaa.

"Naongea siku zote, mwanangu. Lile gari lako linaongea zaidi."

Jumatatu, 11 Agosti

Makala imekwenda gazetini. Nimeifuta ile ya mwanzo yote isipokuwa aya ya spika, ile ni kweli. Nimeandika kwamba nimeogopa na nimefurahi. Wasomaji watanichinja. Waje.

Zuhura kaisoma akiwa amesimama. Hakufanya mzaha. Kafungua pindo, kanipa ufunguo, karudisha waya wa jokofu ukutani.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemrudisha mama Kilangala kutoka Rondo kwa gari langu. Asubuhi baridi, injini ilikuwa tamu mno. Bado ni kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kumiliki.

Nyuma, chini ya khanga, nimeona kwenye kioo midomo inacheza.

Nimeegesha kabla ya mikorosho ya kwanza, nikazima. Chuma kimelia kidogo kikipoa, kisha kimenyamaza.

"Breki ilikatika kwenye kona," nimesema. "Ikawaje?"

Mama amecheka kabla ya kuanza.