Vipimo vya Koti

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na zile cherehani zako mbili bado zinagombana na wewe kama kawaida. Mimi sijambo, ila mvuke wa pasi umenikausha vidole hadi najichoma kwa kucha zangu mwenyewe.

Sasa kaa chini. Umekaa? Bosi amesaini! Nimepewa likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe sita Juni, na karatasi zangu za kukualika zimekamilika. Unakuja Ulaya, baba. Miaka sita inatosha. Yule dada wa steshenari anayekuchapia barua zangu za mtandaoni, mwambie akuchapie na hii ya mwaliko, na asiikunje.

Mpango ni huu. Siku tatu za kwanza utapumzika kwangu. Nitakuonesha ninaponunua mkate, na yule mzee wa ghorofa ya chini anayenisalimia kwa kuinua kofia. Kisha tutapanda treni hadi ziwani, na huko tutalala hotelini kama wageni kabisa. Mimi niliyenyoosha mashuka ya watu miaka yote hii, kwa siku mbili atanyoosha mwingine, nami nitayakunjakunja makusudi. Baada ya hapo twende milimani, halafu turudi mjini kwenye jumba la makumbusho lenye mavazi ya wafalme yaliyoshonwa kwa mkono. Nimewauliza kama fundi anaruhusiwa kuchungulia mishono kwa ndani. Wamecheka, lakini hawajakataa.

Milimani kuna baridi hata Juni, kwa hiyo nitakununulia koti. Najua, fundi kununuliwa koti la dukani ni tusi. Limeze tu.

Mwanao,
Sindano

N.B. Nitumie vipimo vyako haraka. Nataka vyote, usinifiche hata kimoja.

11 Februari

Sindano mwanangu,

Marahaba, marahaba mara kumi. Mimi mzima, nadunda. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu, ingawa wiki hii hatuongei. Ni mambo madogo, yatakwisha.

Fomu ya ubalozi imenitoa jasho. Wameuliza lengo la safari, nikaandika: kumwona binti yangu. Wameuliza muda wa kukaa, nikaandika: mpaka anichoke. Dada wa steshenari akaninyang'anya kalamu. Sasa nimeandikwa mtalii. Mimi, mtalii! Ninunue na miwani ya jua?

Niambie, kwenye hizo treni watu wanasalimiana? Siwezi kukaa saa tatu na mtu goti kwa goti bila kumjulia hali. Na huyo mzee wa kofia, ana mke?

Vipimo hivi hapa. Kifua 42, kiuno 38, mabega 18 na nusu, mkono 25, urefu wa koti 30. Nunua hivyo hivyo, usipunguze kitu.

Nami nahesabu siku, mwanangu. Usiniambie nimekuwa mtoto.

Baba yako,
Fundi

13 Februari

Baba,

Shikamoo. Huku salama. Huyo mzee ana mke, na mke ana macho makali, kwa hiyo tulia.

Leo baada ya kazi nilikwenda dukani na karatasi yako. Nilikuwa nimeshalishika koti moja la kijivu, zuri, halafu nikasimama kama nimepigiliwa msumari. Baba, hivi ni vipimo vya suti yako ya mahafali yangu. Mimi ndiye niliyeviandika kwenye daftari lako, nikakosea mabega nikaweka 81, ukanicheka mwezi mzima na kuniuliza kama nimezaliwa na tembo. Ni miaka tisa sasa, na hakuna kilichobadilika hata robo inchi?

Watu walikuwa wakija dukani kwako wanakwambia, "Fundi, vipimo vyangu unavyo." Ukawajibu, "Nilivyonavyo ni vya mwaka jana. Vua koti." Hata mheshimiwa mbunge alivua.

Basi nawe vua. Fundi hajipimi mwenyewe, hilo umenifundisha wewe, kwa hiyo mwite kinyozi akushikie tepu. Halafu uniandikie.

Sindano

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na saba sasa. Nikipiga simu unaniambia una mteja, au unasikia mkwaruzo. Mkwaruzo gani huo unaokuja nikisema neno "tepu"?

Sina hasira, nina hofu. Andika chochote.

Mwanao

12 Machi

Sindano mwanangu,

Salamu nyingi. Nilitaka kukudanganya kwamba nilibanwa na sare za shule. Kalamu imekataa.

Kinyozi amenipima, tena tumepatana. Kifua 37. Kiuno 31. Mabega hayakubadilika sana, mifupa ni mifupa. Alipotaja kiuno nilimwambia apime tena, akapima mara tatu, mara ya tatu akawa hanitazami usoni.

Ni tumbo. Tangu Oktoba chakula hakishuki vizuri. Daktari ametoa dawa, sasa anataka kupitisha mpira wenye kamera kooni aone ndani kuna nini. Ni tarehe kumi na tisa Aprili. Kwa hiyo ulipoandika "Nitumie vipimo vyako haraka. Nataka vyote, usinifiche hata kimoja", moyo ulinilipuka. Dada wa steshenari alinichapia kurasa mbili, akanipa ya pili kwanza, na pale juu lilikuwepo neno hilo tu. Nikadhani kinyozi, ambaye ndiye aliyenisindikiza kwa daktari, amekupigia kukwambia habari za vipimo vya hospitali. Nilimfuata kibandani kwake, nikamgombeza mbele ya watu, na aliyekuwa kitini kichwa kimenyolewa nusu. Masikini kinyozi akabaki amekodoa macho, wembe mkononi. Niliporudi ndipo nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaona koti.

Ningeweza kukuambia pale pale, lakini niliona haya. Nikachukua daftari nikanakili.

Sikiliza. Ningekwambia, ungeitupa likizo yako ukaja kukaa na mimi kwenye benchi la hospitali. Umeisubiri mno. Mimi pia nimeisubiri. Nataka kuliona hilo ziwa, nataka kuona unapolala, nione kama dirisha linafunga vizuri. Kwa hiyo usije. Kipimo nitakwenda na kinyozi. Usije, nakuomba, na Juni nitakuja mimi, hata nikiwa na kiuno cha msichana.

Baba yako

14 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, kwenye chumba cha kukunjia, nikalilia shuka la mtu nikalazimika kulifua upya.

Nimekukasirikia, nikuambie ukweli. Nimekukasirikia kwa sababu ulikaa na hofu hiyo peke yako miezi mitano na mimi nikawa nakuandikia habari za treni. Kinyozi ajue, mwanao nisijue? Usirudie tena.

Sasa nimefanya hivi. Nilikwenda kwa bosi nikaikata likizo vipande viwili, wiki moja Aprili na wiki moja Juni. Alinung'unika, kisha akauliza jina la ugonjwa, nikasema hatujui bado, akasaini. Kwa hiyo ziwa lipo. Hoteli ni siku moja badala ya mbili. Milima nimeifuta, itatuchosha. Makumbusho yamebaki, hayo siyaachi, nimeshamwandikia bibi anayetunza nguo na amejibu kwamba atakufungulia kabati moja uangalie mishono kwa ndani. Daktari akikataa usafiri Juni, tutasogeza. Ziwa halihami.

Nimebakiza kukata tiketi ya Aprili. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe, nikakumbuka umeandika "usije" mara mbili, tena ya pili umeniomba. Siku zote nimekuwa nikitii maneno yako ya kwenye karatasi kuliko ya mdomoni. Ukiniandikia usije, bado nitakuja, lakini nitakuja nimenuna, na nitanuna wiki nzima pale benchini. Sitaki hivyo. Nataka unite.

Mwanao anayekupenda,
Sindano

20 Machi

Sindano,

Leo salamu siandiki, utanipa mwenyewe mlangoni.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza nilikwambia niko imara. Ya pili nilikutania. Ya tatu nimeipasua, usiulize ilisema nini.

Naogopa, mwanangu. Naogopa huo mpira, naogopa zaidi watakachokiona, na ninapoogopa namtafuta mama yako, kisha nakumbuka hatunaye tena, kisha nakutafuta wewe. Kinyozi ni mtu mwema lakini hajui kushika mkono wa mtu.

Njoo, mama. Njoo mapema, siku mbili kabla ya kipimo.

Baba yako